Kunasa na Kuvunja: Kaboni na Dioksidi ya Titani katika Usafishaji wa Maji kwa Nuru

Makala haya yalizaliwa na kosa langu mwenyewe. Mwenzangu mmoja afundishaye kemia aliniomba nimwandikie kwa Kiswahili maelezo ya nusu ukurasa kwa ajili ya maonyesho ya wanafunzi wake. Mezani palikuwa na bilauri mbili za maji yaliyotiwa rangi ya buluu iitwayo methilini. Katika ya kwanza alitia unga wa mkaa, ule mkaa uliochomwa mara ya pili kwa mvuke hata ukajaa vitundu vidogo visivyohesabika. Katika ya pili alitia unga wa kijivu ambamo mkaa wa namna hiyo hiyo ulikuwa umeambatishwa na dioksidi ya titani. Kisha akaziweka bilauri zote mbili juani. Adhuhuri ilipopita akauchuja unga wote, na maji ya bilauri zote mbili yakawa maangavu, mtu asiweze kuyatofautisha. Nami nikaandika chini yake: "Maji ya bilauri zote mbili yamesafishwa."

Mwenzangu aliposoma alicheka, akaniambia, "Mwalimu, umenifutia somo langu lote." Akautwaa mkaa uliochujwa kutoka bilauri ya kwanza, akaumiminia spiriti, akautikisa. Spiriti ikageuka buluu. Rangi haikuwa imekwenda popote. Ilikuwa imehama tu, ikatoka majini ikaingia mkaani. Alipoufanyia vivyo hivyo unga wa kijivu, spiriti haikupata rangi ila kidogo sana.

Neno kusafisha, basi, lilikuwa limeficha vitendo viwili visivyofanana. Katika kitendo cha kwanza uchafu hushikwa ukawekwa mahali pengine. Katika cha pili uchafu huvunjwavunjwa hata usiwe tena kile ulichokuwa. Nia yangu hapa ni kueleza vitendo hivyo viwili, na jinsi wanasayansi walivyojaribu kuviweka katika maada moja. Njiani nitasimama penye maneno kadhaa, kwa kuwa jarida hili ni la lugha, na kwa kuwa nimekwisha kusadiki kwamba istilahi za jambo kama hili haziteuliki moja moja katika orodha. Hazina budi kujaribiwa pamoja, zikiwa kazini, katika maelezo kamili. Msomaji ambaye hakuigusa kemia tangu alipotoka shule ya sekondari asitishike. Mwandishi naye yu katika hali hiyo hiyo.

Tuanze na titani. Msomaji apitishe kiganja chake juu ya ukuta wa nje uliopakwa rangi nyeupe miaka mingi iliyopita, hasa upande ule upigwao na jua. Mkono utatoka na vumbi jeupe kama chaki. Rangi nyeupe ya siku hizi hupata weupe wake kwa dioksidi ya titani, ambayo hutiwa vile vile katika karatasi, plastiki na dawa ya meno. Watengenezaji wa rangi waliona zamani, kabla ya Vita Vikuu vya Pili, kwamba punje hizi zikipigwa na jua huila gundi inayozishikanisha ukutani, na gundi ikiisha kuliwa rangi hugeuka unga. Kwao hilo lilikuwa balaa. Walijikinga kwa kuzivisha punje utando mwembamba wa silika au alumina, na hivyo ndivyo zifanywavyo mpaka leo. Usafishaji wa maji unaoelezwa hapa ni kuigeuza balaa hiyo kuwa faida: punje zile zile, zikiachwa bila vazi lao na kutiwa majini penye jua, hula uchafu wa maji badala ya gundi ya ukuta.

Asili ya maada hii haiko mbali nasi. Mchanga wa Kwale una ilmeniti na rutili, madini mawili ambayo ndimo titani hupatikana. Kampuni ya Base Titanium ilianza kuyasafirisha kwa meli kutoka Likoni mwaka 1914 ulipokwisha kutimiza karne, yaani 2014, na uchimbaji ulikoma mwishoni mwa mwaka 2024. Yalikwenda ng'ambo yakiwa madini, si unga mweupe uliokwisha kutengenezwa.

Habari ya uwezo wa maada hii mbele ya nuru ilienea duniani mwaka 1972, Akira Fujishima na mwalimu wake Kenichi Honda wa Chuo Kikuu cha Tokyo walipoandika katika jarida la Nature kwamba kipande cha rutili kilichotumbukizwa majini na kuangaziwa kiliweza kuyatenga maji kuwa oksijeni na haidrojeni. Mwaka 1977 Steven Frank na Allen Bard wa Texas walionyesha kwamba unga wa dioksidi ya titani ukiangaziwa huiharibu sianidi iliyomo majini, na hapo ndipo shauri la kusafisha maji lilipoanza kutiliwa maanani. Mwaka 1985 Tadashi Matsunaga na wenziwe wakaonyesha kwamba hata vijidudu hufa. Wao walitumia unga uliopachikwa platini. Tangu hapo maandishi juu ya jambo hili yamekuwa mengi kupita kiasi cha mtu mmoja kuyasoma.

Je, nuru hufanya nini ndani ya punje? Dioksidi ya titani ni nusukipitishi, maana yake haipitishi umeme kwa wepesi kama shaba, wala haiuzuii kabisa kama kioo. Elektroni zake zimetulia katika nyumba yao, na ili mojawapo itoke iende huru ni lazima ivuke kiwango fulani cha nishati. Kwa dioksidi ya titani ya umbo la anatasi kiwango hicho ni elektroni-volti 3.2, kwa umbo la rutili ni 3.0. Nuru yenye nguvu ya kutosha ikiipiga punje, elektroni huvuka, na pale ilipotoka hubaki upungufu. Upungufu huo una tabia ya ajabu: wanafizikia huuhesabu kana kwamba ni kitu, chenye chaji chanya, kiwezacho hata kuhama kutoka mahali hadi mahali.

Hapa pana maneno mawili ya kuamuliwa, na ndipo nilipojikwaa mara ya kwanza. Upungufu ulioachwa na elektroni tuuite nini? Nimeona ukiitwa shimo, nimeona ukiitwa tundu. Lakini shimo huchimbwa na tundu hutobolewa. Hakuna kati ya hayo mawili linalosema kwamba palikuwa na kitu chenye haki ya kuwapo hapo. Kiswahili kina neno pengo, nalo husema jambo hilo hasa. Jino likitoka kinywani hubaki pengo. Mzee wa mji akifariki huambiwa ameacha pengo. Pengo ni ukosefu unaodai kujazwa, na hiyo ndiyo tabia yote ya kitu hiki. Basi nikaandika pengo, nikafurahi.

Furaha yangu haikudumu, kwa sababu kile kiwango cha nishati kinachovukwa na elektroni nacho nilikuwa nimekwisha kukiita pengo la nishati, kwa kufuata mfano wa lugha za Ulaya ambazo hukitazama kama nafasi iliyo tupu katikati ya ngazi mbili. Mwanafunzi akisoma kwamba elektroni huvuka pengo na kuacha pengo, atafunga kitabu. Kila neno peke yake lilikuwa jema, pamoja yaligombana. Orodha ya istilahi isingaliniambia hivyo kamwe. Niliamua kiwango kile kiitwe kizingiti: ni kile kinyanyuliwacho mguu kabla ya kutoka nje, na ambaye hakunyanyua vya kutosha hatoki. Kwa bahati njema kizingiti huifafanua fizikia yenyewe kuliko pengo, maana nuru hafifu, hata ikiwa nyingi namna gani, haimvushi mtu, kama vile hatua mia fupi zisivyomvusha mtoto kizingiti kirefu.

Elektroni na pengo vikisha kutengana, kila kimoja hutafuta uso wa punje. Pengo likifika usoni hunyang'anya elektroni kutoka kwa maji yaliyogusana na punje, na matokeo yake ni radikali ya haidroksili, kitu chenye ukali mwingi kuliko klorini na hata ozoni. Elektroni nayo huchukuliwa na oksijeni iliyoyeyuka majini, ikazaa supaoksidi. Radikali hizi ndizo zinazovunja. Hurarua molekuli za rangi, za mafuta, za dawa za wadudu, na kuta za bakteria. Na zikipewa muda wa kutosha huzifikisha molekuli hizo kwenye dioksidi ya kaboni, maji na chumvi sahili. Punje yenyewe haipungui. Ndiyo sababu huitwa kichocheo.

Neno kichocheo lina historia ya kupendeza. Kuchochea ni kusukuma kuni zielekee motoni ili moto uwake zaidi. Mchochezi hatii kuni zake mwenyewe. Kemia haikuweza kupata mfano bora. Taabu huanza tunapotaka kukitaja kichocheo kinachofanya kazi kwa nuru tu. Wengi huandika kichocheo cha nuru, lakini kihusishi cha -a ni kipana mno: kichocheo cha moto ni kile kinachouchochea moto, hivyo kichocheo cha nuru chaweza kueleweka kuwa ni kile kinachoichochea nuru, na hiyo ni kinyume cha maana. Mimi huandika kichocheo kiamshwacho na nuru nitajapo mara ya kwanza, na baadaye kichocheo-nuru, nikitumaini kwamba msomaji ataikumbuka ile ndefu. Kauli ya kutendwa hubeba hapa mzigo ambao kiunganishi hakiuwezi.

Sasa kasoro za titani peke yake, nazo ni kubwa. Kizingiti chake ni kirefu. Nuru iwezayo kukivuka kile cha anatasi ni ile yenye urefu wa wimbi usiozidi nanomita 387 hivi, yaani mionzi ya urujuanimno, ambayo ni takriban sehemu 5 tu kwa mia ya nishati ya jua ifikayo ardhini. Sehemu 95 zinazobaki huipita punje kama mgeni asiyekaribishwa.

Kasoro ya pili ni kurejeana. Waliosoma sheria ya ndoa ya Kiislamu wanajua kwamba mume aliyetoa talaka moja aweza kumrejea mkewe kabla ya eda kwisha. Elektroni na pengo ni kama hao, ila eda yao aghalabu haifiki sehemu ya milioni moja ya sekunde. Jozi nyingi hurejeana ndani ya punje kabla hazijafika usoni, na nishati ya nuru huishia kuwa joto bure. Kauli ya kutendana hapa si pambo. Nikisema elektroni hurudi, nimesema nusu. Nikisema hurejeana na pengo, nimesema yote.

Kisha pana umbali. Radikali ya haidroksili huishi kitambo kidogo mno, haiwezi kusafiri kutafuta uchafu. Uchafu usipokuwa umeukaribia uso wa punje, radikali hufa bila kazi. Na uso wenyewe si mpana. Unga mashuhuri wa maabara, ule wa Kijerumani uitwao P25, ambao ni anatasi kwa sehemu kubwa na rutili kidogo, una uso wa meta za mraba 50 hivi kwa kila gramu. Katika maji yenye uchafu mchache uliotawanyika, kukutana ni kwa bahati.

Kaboni huingia hapa. Gramu moja ya mkaa ule uliochomwa kwa mvuke huweza kuwa na uso wa meta za mraba 1,000 au kuzidi, ukihesabu kuta zote za vitundu vyake. Gramu saba, ujazo wa kiganja, zatosha kuufunika uwanja mzima wa kandanda. Juu ya uso huo molekuli za uchafu hushikwa. Vitabu kadhaa vya shule huandika kwamba mkaa hufyonza uchafu, na neno hilo halifai. Kufyonza ni kuvuta ndani, kama afanyavyo mtoto titini au sifongo majini. Kinachofyonzwa huenea ndani ya mwili wa kinachofyonza. Mkaa haufanyi hivyo. Molekuli hukaa juu ya uso, hata kama uso huo umo ndani ya kitundu, na hushikwa hapo kama ndege ashikwavyo na ulimbo. Wategaji wetu wana neno lao: ndege amenaswa. Mkaa hunasa. Ulimbo ukijaa ndege hauna nafasi ya mwingine, na mkaa nao ukijaa haunasi tena. Yapasa uchomwe upya au utupwe, na ukitupwa ovyo, mvua hurudisha majini kile kilichonaswa. Bilauri ya kwanza ya mwenzangu ilikuwa imefika hapo.

Basi yupo mmoja anasaye asivunje, na mwingine avunjaye asinase. Kuwaunganisha lilikuwa wazo la kila mtu. Mwaka 1998 Juan Matos, Jorge Laine na Jean-Marie Herrmann waliandika juu ya jaribio sahili: waliuchanganya unga wa titani na unga wa mkaa majini, wakautumia kuiharibu fenoli, nayo ikaharibika kwa kasi ya kiasi cha mara mbili na nusu kuliko ilivyoharibiwa na titani peke yake. Mkaa wenyewe hauvunji fenoli. Maelezo yao yalikuwa kwamba fenoli hunaswa kwanza na mkaa, kisha hutambaa juu ya uso mpaka mahali mkaa unapogusana na titani, na huko huvunjwa. Nafasi iliyoachwa mkaani hunasa nyingine. Mkaa umekuwa kama ua wa kukusanyia, na titani ndiyo mlango.

Jaribio hilo lilikuwa la mchanganyiko tu, uwezao kutenganishwa kwa subira. Waliofuata walitaka mgusano usio wa bahati. Waliotesha punje za titani juu ya mkaa wenyewe, juu ya mirija midogo mno ya kaboni aliyoieleza Sumio Iijima mwaka 1991, na juu ya grafini, ule utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja uliotengwa Manchester mwaka 2004 na Andre Geim na Konstantin Novoselov. Maada za namna hiyo tuziiteje? Si mchanganyiko, kwa kuwa sehemu zake zimeshikamana. Si msombo wa kikemia, kwa kuwa kaboni imebaki kaboni na titani imebaki dioksidi ya titani. Wanasarufi wanalo jibu mezani pao. Katika sentensi ambatano kila kishazi kina nguvu yake, kingeweza kusimama peke yake, lakini kimefungwa na mwenziwe katika kauli moja. Nimeziita maada ambatani, na wanakemia wawili niliowaeleza sababu hawakupinga. Mmoja aliniuliza kama iko pia maada changamano. Sikujua kama alikuwa anatania.

Katika maada ambatani hizi kaboni ilipewa kazi ya pili. Grafini na mirija ile hupitisha umeme vizuri sana. Elektroni iliyovuka kizingiti, ikiwa inagusana na kipitishi cha namna hiyo, hukimbilia huko, na pengo hubaki limetengwa nayo. Kurejeana hupungua, pengo hupata muda wa kufika usoni na kuzaa radikali. Kwa maneno mengine, kaboni humpeleka mmoja wa watalaka mji mwingine.

Iko pia kazi ya tatu inayotajwa, nayo yataka uangalifu kwa sababu huchanganywa na hizo mbili. Mwaka 2002 Shahed Khan na wenziwe waliandika katika jarida la Science, na mwaka 2003 Shanmugasundaram Sakthivel na Horst Kisch wakaandika Ujerumani, juu ya dioksidi ya titani ambayo kaboni kidogo imeingia ndani ya punje yenyewe, ikaiwezesha kutumia sehemu ya nuru ionekanayo kwa macho. Huko si kuambatisha, ni kutia, kama mtu atiavyo chumvi katika mchuzi: chumvi haionekani tena, lakini mchuzi si ule. Mwandishi anayetumia neno moja kwa mambo yote mawili atawapotosha wasomaji wake, na baadhi ya ripoti za maabara zenyewe hazikuwa wazi juu ya kaboni yao imekaa wapi.

Shauku ya grafini ilipopanda, Yi-Jun Xu na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Fuzhou, China, waliuliza mwaka 2010 katika kichwa cha makala yao swali la kijasiri: je, titani na grafini kweli ni tofauti na titani na kaboni za namna nyingine? Walizipima pamoja na zile za mirija ya kaboni, nao wakaona kwamba kwa asili ya kazi hazikutofautiana. Kilichopita vyote ni jinsi mgusano ulivyotengenezwa. Naona hukumu hiyo ni ya haki. Sifa nyingi walizopewa jamaa wapya wa kaboni ni sifa za upya wao. Mkaa wa vifuu vya nazi, ambao hutengeneza vitundu vizuri mno, hauna aibu mbele ya grafini pale kazi inapokuwa ya kunasa.

Zaidi ya hapo, kaboni ni nyeusi. Ikizidi huikinga titani isipate nuru, kama mwavuli ulioshikwa juu ya nguo zilizoanikwa. Kwa grafini, sehemu chache kwa mia ndizo zinazofaa kwa kawaida. Baada ya hapo faida hugeuka hasara. Na radikali hazichagui: kwa muda mrefu huweza kuitafuna hata kaboni inayozisaidia.

Narudi kwenye bilauri, maana udanganyifu wa rangi haukuishia kwa mwandishi asiyejua kemia. Majaribio mengi mno ya maada hizi yamefanywa kwa methilini ya buluu, kwa sababu kufifia kwake hupimika kwa urahisi. Lakini buluu huweza kutoweka kwa njia tatu zisizo kuvunjwa kikamilifu. Huweza kunaswa, kama tulivyoona. Huweza kupewa elektroni ikageuka umbo lisilo na rangi, na maji yakitikiswa hata yapate oksijeni, buluu hurudi. Tena rangi hiyo yenyewe hula nuru ionekanayo, ikaisukumia titani elektroni yake na hivyo kujiharibu. Mtafiti akadhani kichocheo chake kimejifunza kutumia nuru ya kawaida, kumbe ni rangi iliyojiua. Kwa sababu hiyo waangalifu huanza kwa kuiacha maada gizani mpaka iishe kunasa, ndipo wafungue nuru. Nao hupima kaboni yote ya kiasili iliyobaki majini, si rangi peke yake.

Hata kuvunja nako kuna vituo njiani. Atrazini, dawa ya kuua magugu itumiwayo katika mashamba ya mahindi na miwa, ikikutana na radikali hizi huvuliwa matawi yake yote, lakini pete ya katikati hukataa. Mwisho wa safari yake ni asidi ya sianuri, na hapo titani hushindwa kuendelea. Sumu ya asidi hiyo ni ndogo, hivyo si hasara kubwa. Ila aliyeandika kwamba atrazini imeteketezwa ameandika lisilo kweli. Molekuli nyingine zikivunjwa nusu huacha vipande vyenye madhara kuliko zilivyokuwa nzima, hivyo kuuondoa mtambo kabla ya wakati ni kubaya kuliko kutouweka.

Viko na visivyovunjika kwa maana ya neno lenyewe. Floraidi ya maji ya Bonde la Ufa, inayoyatia meno ya watu madoa ya kahawia na kupinda mifupa yao, ni atomu yenye chaji. Hakuna nuru ya jua iwezayo kuigeuza iwe kitu kingine. Chumvi ya visima vya pwani ni hivyo hivyo. Kwao dawa ni kunasa au kuchuja, na Nakuru imekuwa ikitumia mkaa wa mifupa kwa floraidi kwa miaka mingi. Tena jina hilo nalo hudanganya. Mkaa wa mifupa una kaboni kidogo tu. Sehemu kubwa yake ni fosfeti ya kalisi, na hiyo ndiyo inayoinasa floraidi. Atakayesikia mkaa akachukua ule wa kupikia hatapata kitu.

Nuru peke yake, bila kichocheo chochote, si ya kudharauliwa. Mwaka 1996 Ronán Conroy na wenziwe walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya jaribio lililofanywa kati ya watoto wa Kimaasai wa Kajiado: baadhi waliweka chupa za plastiki za maji juu ya paa mchana, wengine ndani ya nyumba, na ugonjwa wa kuhara ulikuwa mchache zaidi kwa wale wa juani. Njia hiyo haigusi dawa za mashambani wala rangi za viwandani, na pengo hilo ndilo ambalo maada ambatani zingeweza kulijaza. (Msomaji aone jinsi pengo lilivyorudi lenyewe katika maana yake ya mtaani, silifukuzi.) Lakini unga laini ukitiwa chupani ni nani atakayeutoa? Punje za nanomita ishirini au thelathini hupita katika kitambaa kama maji yenyewe. Ndiyo maana kaboni ina kazi moja zaidi isiyosifiwa katika majarida makubwa: chenga nene za mkaa zilizooteshwa titani huzama chini na kuchujika. Na maji ya mto yenye tope hayana budi kutulizwa kwanza, kwa kuwa nuru haipiti topeni. Na yale yenye bikaboneti nyingi huzimaliza radikali kabla hazijaukuta uchafu.

Katika maonyesho ya mwaka uliofuata mwenzangu alizileta tena bilauri zake mbili, nami nikaleta maandishi mapya: "Katika bilauri ya kwanza rangi imenaswa na mkaa. Katika ya pili rangi imenaswa na mkaa na imevunjwa na titani kwa nuru ya jua." Aliyasoma mara mbili. Akakubali yote isipokuwa silabi moja. Alisema kwamba hakuwa amepima kaboni iliyobaki majini, basi hakuwa na haki ya kusema imevunjwa, kana kwamba kazi imekwisha. Akachukua kalamu, akaikata -me- ya tatu, akaandika juu yake -na-.